Tango la Kienyeji Bustanini: Chagua Mbegu Kama Unavyochagua Dume



Ukitafuta dume la mbegu huchukui fahali wa kwanza unayekutana naye mnadani. Unauliza mama yake alikuwa akikamuliwa kiasi gani na alistahimili vipi kiangazi. Unamtazama miguu, mgongo na korodani. Ukisharidhika unamweka zizini akuachie ndama wanaomfanana, na fahali dhaifu unamhasi. Ujuzi huo unao tayari, na wengi wenu katika wilaya za Tarime na Serengeti mmeurithi kwa wazee. Safari hii tunakuomba wewe na familia yako muutumie mahali padogo kuliko zizi: bustani ya matango karibu na nyumba.

Huenda unashangaa tango linatafuta nini kwenye kipeperushi cha mifugo. Fikiria miezi ya kiangazi. Malisho yamekauka, maziwa yamepungua, na mnunuzi wa maziwa hapiti tena. Ndipo mbuzi anapouzwa kwa ajili ya mambo madogo: madaftari, sabuni, chumvi, nauli ya kumpeleka mtoto kliniki. Ukifika msimu wa mvua, mbuzi watano hawapo na hakuna anayekumbuka fedha zao zilikwenda wapi. Wakati huohuo nyuma ya zizi kuna rundo la samadi linalofika magotini, na halina kazi. Mashimo 30 ya matango yakipata samadi hiyo na maji kidogo yanaweza kumbakiza mbuzi mmoja au wawili zizini.

Tusikudanganye, tango si chakula cha kushibisha. Karibu sehemu 95 kati ya 100 za tango ni maji, na kwa lishe ya watoto mchicha, mgagani na majani ya kunde yanalizidi kwa mbali. Faida yake ni kwamba huwahi kuzaa, huuzika kwa fedha taslimu kila siku ya soko, na huliwa kachumbari pembeni ya ugali wa udaga na mtama bila kupoteza kuni hata moja.

Chotara na wa kienyeji

Kwenye maduka ya pembejeo ya Tarime mjini, Sirari na Mugumu utakuta mbegu za matango za namna mbili. Pakiti yenye maandishi F1 ni ya chotara. Chotara huzaa sana msimu wa kwanza, kama ng'ombe chotara anavyomzidi wa kienyeji kwa maziwa akipata malisho na dawa. Lakini ukihifadhi mbegu za matunda yake na kuzipanda, watoto hutawanyika. Mmoja atazaa marefu, mwingine mafupi, wa tatu machungu, wa nne maua matupu. Duka halikukudanganya, wala mtu hakukuroga. Damu ya chotara ndivyo ilivyo, na kila msimu inabidi urudi dukani na fedha mkononi.

Namna ya pili ni mbegu za kawaida, ambazo watoto wake hufanana na wazazi. Ashley, Poinsett na Marketmore zimo kundi hili. Ni aina za zamani, zilizotolewa Marekani kati ya miaka ya 1950 na 1970, na ukishanunua pakiti moja unaweza kujiwekea mbegu zako miaka yote.

Halafu yapo matango ambayo hayana pakiti kabisa: yale ambayo akina bibi hupanda katikati ya mtama au mahindi, mengi yakiwa mafupi na manene, yakigeuka njano upesi. Mbegu zake zimefungwa kwenye kitambaa juu ya dari ya jiko la mtu, pamoja na za maboga na za vibuyu vya maziwa. Bibi huyo akiondoka duniani bila kumgawia mtu, aina hiyo imekwisha, sawa na ukoo wa ng'ombe uliochinjwa wote. Kule Arusha kuna hifadhi ya taifa ya mbegu za mimea, na pia kituo cha World Vegetable Center kinachotunza mbegu za mboga za Kiafrika kwenye vyumba vya baridi. Ila hawawezi kutunza kitu ambacho hakikuwafikia. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, pita kwanza kwa mama mkwe, kwa shangazi, kwa bibi wa jirani, uliza nani bado ana mbegu za zamani. Omba kiganja kimoja tu, na umwahidi kumrudishia viwili baada ya mavuno.

Pa kuweka bustani, na pa kupaepuka

Tango hupenda jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Mahame, yaani mahali palipokuwa na zizi zamani, panavutia kwa sababu udongo wake ni mweusi na laini. Panafaa, ila samadi ikizidi mno mimea hutoa majani mengi na matunda machache. Katika mahame mapya panda kwanza mahindi msimu mmoja yapunguze nguvu, ndipo ulete matango.

Kuna mahali ambapo hupaswi kulima bustani hata pawe na rutuba namna gani. Kwanza ni pale alipofia mnyama ghafla akitokwa na damu puani au sehemu ya haja. Hiyo yaweza kuwa kimeta, na vimelea vyake hukaa udongoni miaka mingi vikisubiri kuchimbuliwa. Mnyama wa namna hiyo hapasuliwi wala haliwi. Toa taarifa kwa afisa mifugo na pazungushie miiba. Pia epuka bonde linalopokea maji ya josho au mahali unaponyunyizia mifugo dawa ya kupe.

Walio karibu na mto Mara, Tigithe, Grumeti na vijito vyake wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni bora kuchota maji na kuyaleta nyumbani kuliko kulima ukingoni, kisha mafuriko au mgambo wakuondoe matango yakiwa na maua. Tena kwenye mto Mara wenyewe kuna mamba, kwa hiyo usimtume mtoto peke yake na ndoo.

Hesabu ya maji ifanyike kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Mmea mmoja wakati wa jua unahitaji lita 3 hivi kila baada ya siku mbili. Mimea 30 ni lita 90, yaani ndoo nne na nusu za lita 20. Tumeona bustani nyingi zikifa kwa sababu mzigo wote wa maji ulimwangukia mama mmoja ambaye bado ana kuni, watoto na kukamua. Vijana wanaopeleka mifugo kunywa wanaweza kurudi na madumu, na penye punda kazi ni nyepesi zaidi. Maji ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi nayo yasimwagwe. Kama hesabu haikubali mimea 30, panda 12.

Samadi lazima iive

Samadi mbichi huunguza mizizi, huleta mbegu za magugu ambazo ng'ombe alizila malishoni, na hubeba vijidudu vya kuharisha. Jambo hili la mwisho ni zito kwa tango kuliko kwa mahindi, maana tango huliwa bichi. Chota samadi zizini, irundike mahali penye kivuli, imwagie maji iwe na unyevu kama udongo wa kufinyangia, ifunike kwa nyasi au majani ya migomba, na uigeuze kila baada ya wiki tatu. Ukichomeka fimbo katikati ukaichomoa baada ya muda na kuikuta ya moto, kazi inaendelea. Baada ya miezi mitatu hadi minne itakuwa nyeusi, haitoi joto, na inanukia udongo wa msituni.

Usitupe kwenye rundo hilo kondo la nyuma wala ndama aliyetoka kabla ya wakati. Ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza binadamu pia, na humpata kwa urahisi anayeshika vitu hivyo kwa mikono mitupu. Vichome au vifukie kwa kina mbwa wasikoweza kufukua.

Uzio kwanza, mbegu baadaye

Kwa familia ya wafugaji adui wa kwanza wa bustani ni mbuzi wa nyumbani, wa pili ni kuku. Uzio wa miiba kama wa zizi unatosha, mradi uwe mnene chini, kwa kuwa mwanambuzi hupita pale kuku anapopita. Minyaa hufanya uzio wa kudumu, lakini utomvu wake ukiingia jichoni huumiza vibaya, hivyo wanaoukata wajihadhari na watoto wasiuchezee.

Kwa vijiji vya Serengeti vilivyo jirani na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, tatizo ni kubwa kuliko mbuzi. Tembo hupenda matango na matikiti, na hakuna miiba itakayomzuia. Weka bustani karibu kabisa na nyumba, vuna mapema kila siku, na usiache matunda yaliyoiva yanukie usiku. Nchini Kenya, eneo la Sagalla karibu na Tsavo, wakulima wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, kwa kuwa tembo huogopa nyuki. Njia hiyo hupunguza uvamizi, haiumalizi. Tembo akishaingia usimkabili kwa mkuki wala tochi. Piga kelele kwa mbali na uite askari wa wanyamapori.

Kupanda

Mvua kubwa huleta ukungu kwenye majani, hasa upande wa juu wa Tarime kwenye baridi na mawingu. Wakati mzuri ni mwishoni mwa masika, mwezi wa Mei, ili udongo uwe bado na unyevu na matunda yatoke Julai sokoni kukiwa kukavu. Wenye maji ya uhakika wanaweza kupanda tena vuli inapokwisha.

Chimba mashimo yenye upana na kina cha sentimita 40, umbali wa sentimita 60 kati ya shimo na shimo na mita 1 kati ya mstari na mstari. Changanya nusu ndoo ya samadi iliyoiva na udongo wa juu, rudisha shimoni, acha sehemu ya juu iwe kama sahani ili maji yasikimbie. Weka mbegu tatu kwa kina cha sentimita 2. Zitaota baada ya siku 4 hadi 7. Zikifikisha majani mawili ya kweli, bakiza mmea mmoja wenye nguvu na mingine uikate kwa mkasi au wembe. Usiing'oe, utatikisa mizizi ya uliobaki. Tandaza nyasi kavu kuzuia jua.

Simika miti na fito mmea utambae juu. Tango linalolala chini huoza upande mmoja na huliwa na wadudu, linaloning'inia hunyooka.

Maua ya kwanza yatadondoka bila tunda, na watu wengi hukata tamaa hapo. Hayo ni maua dume, na hutangulia. Baada ya siku chache yatatokea maua jike, ambayo utayatambua kwa kitango kidogo chenye manyoya nyuma ya ua. Nyuki ndiye anayebeba chavua kutoka dume kwenda jike. Pasipo nyuki, kitango hugeuka njano na kudondoka, au hukua kikiwa kimepinda. Katika sehemu nyingi mama aliye mwezini hukatazwa kupita kwenye matango na maboga kwa kuogopa yataoza. Tunawaheshimu wazee, ila kinachoozesha vitango ni ukosefu wa nyuki na inzi wa matunda. Kumzuia mama asiingie bustanini wiki nzima ni kuiacha bila maji.

Tunda la kwanza huwa tayari siku 50 hadi 60 baada ya kupanda. Likate lingali kijani na laini. Ukiacha moja likomae juu ya mmea, mmea huona kazi imekwisha na hupunguza kuzaa. Kwa hiyo vuna kila siku ya pili, hata kama soko ni kesho kutwa.

Dawa ya kupe ibaki kwa ng'ombe

Hapa tunaomba usome polepole, na kama kuna asiyejua kusoma nyumbani, msomee.

Wadudu wakiingia kwenye mboga, mfugaji ana kishawishi ambacho mkulima wa kawaida hana: kuna chupa ya dawa ya kupe nyumbani, na kweli inaua wadudu. Basi inachanganywa kwenye ndoo na kunyunyiziwa matango. Usifanye hivyo hata mara moja. Dawa za kuogeshea, ziwe za kundi la amitrazi, la pairethroidi au la organofosfeti, zimepimwa kwa ngozi ya mnyama. Lebo yake inakueleza usubiri siku ngapi kabla ya kuchinja au kunywa maziwa. Haina neno lolote kuhusu siku za kusubiri kabla ya kula tango, kwa sababu hakuna aliyeitengeneza kwa kazi hiyo. Na tango huvunwa kila siku ya pili na kuliwa na ganda lake.

Mtu aliyedhurika na dawa za organofosfeti hutokwa na mate na jasho jingi, hutapika, huumwa tumbo, mboni za macho huwa ndogo, misuli hutetemeka, na pumzi humpaa. Mkimbize kituo cha afya na mchukue chupa yenye lebo ili mganga ajue ni dawa gani. Usimtapishe. Usimpe maziwa kama wengi walivyozoea, mafuta yake yanaweza kusaidia sumu kuingia mwilini. Kama dawa imemwagikia mwilini, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni, huku wewe umejikinga mikono. Chupa na madumu ya dawa yakiisha yatobolewe. Dumu la dawa halifai kuwa la maziwa hata ukilisugua kwa mchanga na maji ya moto.

Kazi nyingi bustanini zinafanyika bila sumu. Mbawakavu wekundu wanaotoboa majani hukamatika kwa mkono asubuhi wakiwa bado wazito kwa baridi, na jivu likinyunyizwa juu ya umande huwafukuza. Inzi wa matunda ni mgumu zaidi. Hutaga mayai ndani ya tango changa, nalo huoza kutoka ndani. Okota kila tango lililotobolewa, tia kwenye mfuko wa plastiki, funga na uache juani siku kadhaa funza wafe. Usilitupe jalalani wala kwenye samadi, utakuwa unamfugia watoto. Vitango vizuri unaweza kuvifunika kwa mfuko wa karatasi vikiwa na urefu wa kidole.

Majani yakipata unga mweupe, ndio ubwiri unga, na dawa yake unayo kwenye kibuyu. Mwaka 1999 mtafiti Wagner Bettiol wa Brazil alichapisha matokeo ya kunyunyizia maziwa ya ng'ombe kwenye mimea ya jamii ya maboga. Maziwa yaliyochanganywa na maji, kuanzia sehemu 1 ya maziwa kwa sehemu 9 za maji, yalizuia ugonjwa huo vizuri. Nyunyiza mara moja kwa wiki, asubuhi jua likitoka, ukianza mara uonapo doa la kwanza. Hayatibu majani yaliyokwisha kuliwa na ugonjwa.

Ikibidi kutumia dawa ya mboga, mwulize afisa ugani, soma siku za kusubiri kwenye lebo, na nyunyiza jioni nyuki wakiwa wamerudi mizingani.

Kuchagua mbegu

Sasa tumefika kwenye dume.

Kosa linalofanywa na wengi ni hili. Matango mazuri yote yanauzwa, na mwisho wa msimu yanabaki mawili matatu yaliyojificha chini ya majani, yamepinda, yamechelewa. Hayo ndiyo yanayoachwa yakomae kwa mbegu. Ni sawa na mtu anayepeleka mnadani mafahali wake wote wazuri na kumwachia majike kazi ya yule aliyekosa mnunuzi. Baada ya miaka mitano anashangaa ng'ombe wake wamekuwa wadogo.

Fanya kinyume chake. Mimea ikianza kuzaa, pita bustanini na ufunge kitambaa kwenye mimea 6 hadi 10 iliyo bora: iliyowahi, iliyostahimili ulipokosa maji siku mbili, isiyo na unga mweupe wala majani yenye batobato. Usimwangalie ndama mmoja, mwangalie mama. Yaani tunda moja kubwa kwenye mmea dhaifu lisikuvutie. Kisha onja tunda moja changa kutoka kila mmea uliofungwa kitambaa, ukianzia upande wa kikonyo. Likiwa chungu, temea mate na uondoe kitambaa, kwani uchungu hurithiwa.

Jua pia huleta uchungu. Mmea uliokosa maji huwa mchungu hata kama damu yake ni nzuri, hivyo onja ukiwa umemwagilia vizuri wiki nzima. Kuna wanaosema tango huwa chungu likipandwa karibu na maboga. Hayo hayahusiani. Boga na tango hazipandani, kama vile mbuzi na kondoo wasivyopata uzao zizini hata wakilala pamoja miaka yote. Tikiti nalo halichanganyiki na tango, wala vile vitango vya porini vyenye miiba.

Anayechanganyika na tango lako ni tango la jirani. Nyuki hafungwi kamba. Kama ndani ya nusu kilomita kuna mtu amepanda F1, nyuki wataleta chavua yake kwako, kama fahali wa jirani anavyoruka uzio usiku. Ukipatana na majirani wapande aina moja, umemaliza. Isipowezekana, chungia kwa mkono. Jioni tafuta ua jike ambalo ncha yake imeanza kuwa njano lakini halijafunguka, ulifunge kwa uzi taratibu. Funga pia maua dume mawili matatu kutoka mmea mwingine uliochaguliwa. Asubuhi na mapema chuma yale madume, yachane petali, fungua jike, lipake chavua katikati, kisha ulifunge tena kwa uzi au kipande cha chandarua. Funga utepe kwenye kikonyo chake ulitambue. Si maua yote yatashika, kwa hiyo fanya matatu kwa kila mmea.

Tunda la mbegu liache kwenye mmea mpaka ligeuke njano nzito au kahawia, yapata wiki 5 hadi 6 tangu lichavushwe. Likate, liweke kivulini wiki mbili zaidi. Pasua, komba mbegu pamoja na ute wake kwenye bakuli, ongeza maji kidogo na uache siku mbili hadi tatu zichachuke. Zitanuka, ni kawaida. Kuchachuka huondoa ule ute unaozuia kuota. Mimina maji, sukasuka: mbegu nzima huzama, tupu huelea na kumwagwa. Osha, tandaza juu ya ungo au kitambaa kivulini penye upepo, si kwenye bati la juani. Zimekauka pale mbegu inapovunjika ukiikunja, badala ya kupinda.

Tunda moja hutoa mbegu zaidi ya 100, lakini usichukue zote kutoka tunda moja. Tango halidhuriki haraka kwa kuzaana ndani ya ukoo kama ng'ombe, ila ukichanganya mbegu za mimea 6 au zaidi unabaki na nguvu ya kuhimili mwaka mbaya. Zichanganye na jivu kavu, tia kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, andika jina la aina, mwezi na mwaka. Mahali pakavu na baridi zitadumu miaka 5. Kabla ya kupanda, funga mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu: zikiota 8, panda kama kawaida, na zikiota 4, ongeza idadi kwa kila shimo.

Kumgawia jirani kiganja cha mbegu ni desturi njema. Ukitaka kuzifanya biashara ni jambo jingine, kwani uuzaji wa mbegu unasimamiwa na taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu nchini, TOSCI. Kuna utaratibu wa vikundi vya wakulima kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora, na afisa ugani wa kata atawaelekeza.

Mabaki yarudi zizini

Mavuno yakikoma, kata mimea na uwape mbuzi na ng'ombe majani ambayo hayajanyunyiziwa sumu. Matunda yaliyozidi umri nayo hufaa, lakini yakatekate vipande vidogo. Tunda zima au kipande kinene kikikwama kooni, ng'ombe hawezi kucheua wala kutoa hewa, na tumbo hujaa mpaka anakufa mbele yako. Yaliyo machungu usiwape, pamoja na yale ya porini. Matango ni maji, kwa hiyo ni nyongeza tu baada ya nyasi.

Mimea yenye mizizi iliyovimba mafundofundo ing'oe na kuichoma moto. Ni minyoo fundo, na ukiirudisha kwenye samadi utaisambaza bustani nzima. Msimu unaofuata mahali hapo panda mahindi au mtama, na matango uyahamishie upande mwingine wa uzio.